KAZI IPO, NAFASI HAIJAANDIKWA

Hotuba kwa wanafunzi wa zamani na wa sasa, iliyotolewa katika ukumbi wa shule siku ya mkutano wetu wa mwaka

Ndugu wenzangu tuliokula maharage ya jiko lile, na ninyi wadogo zetu mnaoyala hivi sasa:

Ndugu Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya nafasi za kazi kwa vijana wanaosoma sayansi. Nikajiuliza, niseme nini ambacho vijana hawa hawajaambiwa? Udaktari mmeambiwa. Uhandisi mmeambiwa. Kila anayesimama mahali hapa huwaambia msome kwa bidii, na mimi nawaambia hivyo hivyo, maana ni kweli.

Lakini leo nimechagua kazi moja ambayo pengine wengi wenu hamjapata kuisikia. Mimi mwenyewe sikuijua mpaka nilipokuwa mtu mzima mwenye ofisi na muhuri. Nayo ni kazi ya mtaalamu wa tiba ya usemi. Nitaeleza ni kazi gani, inahitajika wapi katika Kanda yetu hii ya Ziwa, inalipwa namna gani, na kwa nini wenye kuifanya ni adimu. Mwisho sina budi kuungama jambo, kwa sababu katika uadimu huo nami nina mkono wangu.

Kazi yenyewe

Wahenga walisema ulimi hauna mfupa, wakimaanisha kwamba waweza kusema lolote. Lakini wapo wenzetu ambao ulimi wao hausemi wanalotaka, na wapo ambao haumezi hata wanachokula. Hao ndio wagonjwa wa mtaalamu huyu.

Wale tuliosoma hapa miaka ya tisini mtakumbuka kwamba kila mwezi tulikuwa na mdahalo ndani ya ukumbi huu huu. Darasani kwetu palikuwa na mwenzetu mwenye kigugumizi. Jina lake sitalitaja. Kwa hesabu alitushinda wote. Siku moja aliitwa mbele kutetea hoja, neno la kwanza likamkwama, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nami nilicheka. Tangu siku ile, mwalimu akimwuliza lolote alijibu, "Sijui," hata lile alilolijua. Miaka mingi baadaye nilikutana naye stendi ya mabasi, akanieleza sababu kwa upole: neno hilo lilikuwa mojawapo ya machache yaliyomtoka bila kukwama. Sisi tulidhani ni mzito wa akili.

Inakadiriwa kwamba katika watu wazima 100, mmoja ana kigugumizi, na kwa watoto wadogo ni kama 5 katika 100, ambao wengi wao kitawaacha wakikua. Chukueni shule yenye wanafunzi 800. Hata kwa kipimo cha watu wazima ni vijana 8. Ninyi wanafunzi mnaonisikiliza mnawajua kwa majina. Ningeomba leo jioni bwenini msiwacheke.

Kigugumizi ni sehemu ndogo tu ya kazi hii. Katika watoto 700 wanaozaliwa duniani, mmoja hivi huzaliwa na mdomo wazi au kaakaa lililopasuka. Siku hizi upasuaji wake unafanyika hapa nchini, na wazazi hufurahi mdomo ukishonwa. Lakini mtoto aliyeanza kusema kaakaa likiwa wazi amezoea kutolea sauti puani, na mazoea hayo hayashonwi kwa uzi. Hufundishwa upya, herufi kwa herufi.

Yuko pia mtoto asiyesikia. Mwaka 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya kusaidia kusikia ndani ya sikio, huduma ambayo kabla ya hapo watoto wetu walikuwa wakipelekwa India kuifuata. Ni hatua kubwa ya kujivunia. Lakini kifaa kile huleta sauti tu. Mtoto aliyekaa kimya miaka mitatu hajui kwamba sauti ile ni jina lake. Lazima awepo mtu wa kumfundisha kusikiliza, kisha kusema, wiki baada ya wiki, kwa muda mrefu. Hali kadhalika mtoto mwenye usonji, na mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Huku kwetu mtoto akichelewa kusema hutazamwa chini ya ulimi, ikasemwa ana udata, akakatwa; au hukatwa kimeo. Asiposema hata baada ya hapo, huambiwa ni kazi ya Mungu, naye huachwa nyumbani.

Na wako watu wazima waliopatwa na kiharusi. Hapa naomba niseme habari ya mjomba wangu.

Miaka miwili iliyopita mjomba aliamka asubuhi mkono na mguu wake wa kulia hauna nguvu, na maneno yote yamemtoka isipokuwa moja: "Basi." Ukimsalimu, "Basi." Ukimwuliza kama ana njaa, "Basi." Tukaamini akili imekwenda. Ndugu zangu, wanafunzi wa Baiolojia wapo hapa: tangu mwaka 1861 daktari wa Kifaransa Paul Broca alimweleza mgonjwa wake ambaye kwa kila swali alikuwa akijibu "tan", na baada ya mgonjwa huyo kufariki akaonyesha kwamba ubongo wake ulikuwa umeharibika sehemu ya mbele upande wa kushoto. Upande huo wa ubongo ndio unaoendesha mkono na mguu wa kulia, na kwa watu walio wengi ndio wenye kubeba lugha. Kupoteza maneno si kupoteza akili. Jambo hilo lilijulikana miaka zaidi ya 160 iliyopita, lakini katika ukoo wetu hapakuwa na aliyelijua. Tulikaa kikao juu ya ng'ombe wake, tukawagawa kwa mdomo, naye ameketi palepale kwenye kiti anatutazama.

Hospitali tuliyompeleka alikuwapo binti mmoja, mhitimu wa chuo kikuu, mtaalamu wa tiba ya usemi. Kwanza alimpa mjomba maji kwa kijiko, akatazama koo lake. Akatuambia, "Mnamlisha vibaya. Akipaliwa hivi, chakula kinaingia kwenye mapafu, atapata nimonia." Akatufundisha jinsi ya kumketisha na uji uwe mzito kiasi gani. Kisha akachora picha kwenye karatasi: nyumba, shamba, ng'ombe, watoto. Akamwuliza polepole, "Mzee, ng'ombe wauzwe?" Mjomba akaweka kidole cha mkono wa kushoto juu ya picha ya ng'ombe, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "BASI!" Hapakuwa na mtu aliyehitaji kutafsiriwa. Ng'ombe wako hadi leo.

Binti yule hakuwa mwajiriwa. Alikuwa akijitolea, akipewa nauli. Baada ya miezi michache nilirudi kumtafuta, nikaambiwa amekwenda Dar es Salaam. Nikampigia simu kumwuliza kwa nini ametuacha. Akanijibu, "Baba, huko kwenu kazi ipo, ajira haipo."

Mahitaji ya Kanda yetu

Maneno yale yalinifanya nichukue karatasi nikapiga hesabu. Kwa sensa ya mwaka 2022, mikoa ya Mwanza, Geita, Kagera, Mara, Shinyanga na Simiyu ina watu zaidi ya milioni 16 kwa jumla. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake juu ya usikivu ya mwaka 2021, lilitumia kipimo cha mtaalamu mmoja wa usemi kwa watu milioni moja, na likaona kwamba katika nchi zenye kipato cha chini ni asilimia 17 tu zilizofikia hapo. Mtaalamu mmoja kwa watu milioni moja ni kidogo mno. Lakini hata kwa kipimo hicho kidogo, mikoa yetu sita ingestahili wataalamu 16.

Nikazihesabu nafasi hizo zingeweza kukaa wapi. Hospitali za rufaa za mikoa sita, kila moja mtu mmoja tu: 6. Hospitali ya Bugando, ambayo tangu mwaka 1971 imekuwa ikipokea wagonjwa wa kanda nzima wa kiharusi, wa ajali za kichwa, wa koo na wa mdomo wazi: iwe na 4. Zimebaki 6, ambazo zingegawanywa kwa mikoa ili ziwahudumie watoto walioko shule za msingi zenye vitengo vya elimu maalum. Mtaona kwamba sikuota ndoto za Ulaya. Watu 16 wanaenea katika gari moja dogo la abiria.

Yawezekana mtu akasema, wagonjwa waende Dar es Salaam. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, mtu wa Sengerema hasubiri tena kivuko kuja Mwanza, na hilo ni jambo jema. Lakini tiba hii si sindano ya mara moja. Mtoto huhitaji kuonwa kila wiki au kila baada ya wiki mbili, kwa miezi. Mama wa Ukerewe hawezi kumpeleka mtoto Dar es Salaam kila wiki akalima pia.

Tena kuna suala la lugha yenyewe. Mfupa uliovunjika ni mfupa tu, Mwanza au London. Usemi sivyo. Mtoto wa kwetu husikia Kisukuma au Kihaya kwa bibi, Kiswahili shuleni, na Kiingereza vitabuni. Ndugu zetu wa Mara wakisema "kura" badala ya "kula", hiyo ni lafudhi ya nyumbani, wala si ugonjwa, na mtaalamu anayetibu lafudhi anapoteza muda wake na wa mtoto. Vivyo hivyo, mtoto wa miaka mitano asemaye "kiti yangu" huenda anafuata tu wanavyosema mtaani kwao, na huenda ana tatizo. Anayeweza kutofautisha ni yule aliyekulia katika lugha hizo. Ndiyo maana nasema kazi hii inawataka ninyi hasa, vijana mliotoka vijiji vya huku.

Nafasi huzaliwaje

Sasa nifike kwenye jambo ninalolijua vizuri zaidi, maana ndilo linalonipa ugali. Vijana wengi hudhani kwamba pakiwa na shida, Serikali huona, kisha huajiri. Sivyo. Kati ya mgonjwa na mshahara pana karatasi tatu.

Ya kwanza ni muundo wa utumishi. Huo ndio unaotaja cheo, elimu inayotakiwa, na ngazi ya mshahara. Kazi isiyo na cheo haina mlango wa kuingilia. Ya pili ni ikama, yaani orodha ya watumishi ambao mwajiri anao na wale anaowahitaji, inayoandaliwa kila mwaka pamoja na bajeti kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai. Ya tatu ni kibali cha ajira kutoka Ofisi ya Rais, Utumishi. Kibali kikitoka ndipo tangazo hutolewa, nanyi mkaliona.

Zingatieni basi: tangazo mnalolisubiri kwenye simu zenu ni hatua ya mwisho. Hatua ya mwanzo ni mstari mmoja ulioandikwa na mtu fulani katika hospitali au halmashauri, pengine mwaka mzima au zaidi kabla. Asiyeandikwa haombewi, na asiyeombewa hapatiwi kibali. Kisha mwakani watasema, "Mbona hamkuomba? Basi hamna shida."

Na hapa ndipo ninapoungama. Miaka kadhaa iliyopita, katika halmashauri moja niliyopata kufanya kazi, nilikuwa mmoja wa waliopitia maombi ya ikama. Tuliambiwa tupunguze. Katika orodha ya hospitali palikuwa na mstari mmoja: mtaalamu wa tiba ya usemi, nafasi 1. Daktari aliyeuandika hakuwapo kikaoni kuutetea. Nikauliza, "Huyu ni wa nini?" Hakuna aliyejua. Palikuwa na upungufu wa wauguzi, zahanati nyingine zilikuwa na muuguzi mmoja tu. Nikachukua kalamu nyekundu nikaukata. Sikuwa na ubaya wowote moyoni, na wauguzi kweli walihitajika. Lakini sikuuliza mara ya pili. Nilifikiri usemi ni anasa. Siku mjomba wangu alipokuwa akipaliwa na uji, niliuona mstari ule ule mbele ya macho yangu, na kalamu ni yangu.

Habari ya mshahara

Najua vijana mnasubiri sehemu hii. Nitawaeleza bila kuficha.

Katika utumishi wa umma, kada za afya hulipwa kwa ngazi za TGHS, na walimu kwa ngazi za TGTS. Mwalimu mwenye shahada, akiwemo wa elimu maalum, huanza TGTS D. Kwa hiyo watu wawili wanaomhudumia mtoto yuleyule asiyesema wanaweza kuwa katika miundo miwili tofauti, mmoja upande wa afya na mwingine upande wa elimu, na hapo panda vyeo na posho zao hutofautiana. Kabla hujachagua chuo, uliza shahada yako itakuweka upande gani. Kuanzia Julai 2025 kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi. Hicho ni cha mtu wa chini kabisa; mwenye shahada huanzia juu ya hapo.

Lakini mshahara unaoandikwa kwenye barua sio unaoufikisha nyumbani. Chukueni mfano wa shilingi 1,000,000, nikiichagua kwa sababu inahesabika kwa urahisi. Mchango wa pensheni wa mtumishi wa umma ni asilimia 5, yaani 50,000. Zinabaki 950,000 za kutozwa kodi: shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi, zinazofuata hadi 520,000 hutozwa asilimia 8, hadi 760,000 asilimia 20, na hadi 1,000,000 asilimia 25. Kodi yako ni 115,500. Bima ya afya asilimia 3, yaani 30,000. Na kama ulisomeshwa kwa mkopo wa Bodi, asilimia 15 ya mshahara hukatwa, yaani 150,000. Jumla ya makato ni 345,500. Mkononi zimebaki 654,500, kabla hujamtumia mama kitu. Sisemi haya kuwakatisha tamaa. Mkopo una mwisho, pensheni ni yako, na mwajiri anakuongezea asilimia 15 katika mfuko huo. Nasema ili msije mkaahidi nyumbani milioni moja.

Kazi binafsi ni habari nyingine. Katika kliniki na shule za watu wenye uwezo hulipwa kwa kila kipindi, na katika miji mikubwa mtaalamu hodari anaweza kupata zaidi ya mtumishi wa Serikali. Ndiyo sababu binti yetu alikwenda Dar es Salaam, nami simlaumu. Huku kwetu wagonjwa ni wengi kuliko huko, lakini mifuko ni mitupu, na msimu wa kulima mtu haji. Atakayefungua kliniki Mwanza au Bukoba asitegemee kliniki tupu. Afunge mkataba na hospitali siku mbili kwa wiki, na shule siku moja, ndipo siku zilizobaki apokee wake. Aidha, afuatilie bima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Huduma iliyomo katika kitita cha bima ina mlipaji hata mgonjwa akiwa mkulima. Isiyokuwemo itabaki ya wenye nazo.

Na wale watakaouliza habari za nje, maana najua mtauliza: nchini Marekani, kwa takwimu za serikali yao za Mei 2023, nusu ya wataalamu wa kazi hii walilipwa zaidi ya dola 89,290 kwa mwaka. Nchini Uingereza, katika huduma ya afya ya taifa, mhitimu mpya huanza daraja la 5. Lakini Marekani hutaka shahada ya pili na leseni ya jimbo, Uingereza hutaka usajili, na kote mgonjwa wako atasema Kiingereza cha mtoto wa miaka mitatu au cha mzee aliyepooza. Huko utakuwa mtu wa kawaida anayeshindana na wenye lugha yao. Hapa ungekuwa wa kwanza katika mkoa mzima. Chagueni wenyewe. Mimi sikuwanyima nauli.

Njia ya masomo

Zamani aliyetaka kusomea kazi hii hakuwa na budi kuvuka bahari. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha shahada ya tiba ya usemi na lugha, ya kwanza katika Afrika Mashariki, na wahitimu wake wamefanya kazi katika nchi zetu za jirani pia. Miaka ya karibuni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili nacho kimeanzisha shahada inayounganisha elimu ya usikivu na tiba ya usemi. Kwa hiyo siku hizi mlango uko hapa hapa nyumbani.

Kwa ninyi mlioko kidato cha tatu na cha nne: msiikimbie Fizikia. Sauti ni fizikia. Anayechukua Fizikia, Kemia na Baiolojia kidato cha tano yuko katika njia iliyonyooka. Someni kitabu cha mwongozo wa udahili cha Tume ya Vyuo Vikuu cha mwaka wenu, msitegemee maneno ya kijiweni. Na msikidharau Kiswahili mkidhani ni somo la watu wa sanaa. Anayejua irabu, konsonanti na ngeli ana nusu ya vifaa vya kazi hii tayari kichwani.

Nani asiifanye? Asiye na subira asiifanye. Mgonjwa wako anaweza kukaa miezi mitatu ndipo atamke neno moja, na neno lenyewe likawa "maji". Kama kwako hilo si ushindi, tafuta kazi nyingine.

Ombi langu

Ndugu wenzangu wa zamani, sehemu hii ya mwisho ni yenu. Katika ukumbi huu naona waganga wakuu, waweka hazina, walimu wakuu na wafanyabiashara. Tukiwaambia vijana wasomee kazi hii kisha tusiwafungulie nafasi, tutakuwa tumewadanganya kwa sauti nzuri.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, wale mlioko hospitalini na kwenye halmashauri, uandikeni huo mstari katika ikama, tena mje kikaoni kuutetea. Njooni na hesabu: wagonjwa wangapi wa kiharusi mwaka jana, wangapi walishindwa kumeza, watoto wangapi wa mdomo wazi waliofanyiwa upasuaji wakarudishwa nyumbani hivi hivi. Afisa utumishi hakati mstari wenye hesabu kama anavyokata mstari mkavu. Nisikilizeni mimi, maana nimeshika kalamu hiyo.

Pili, kibali kikichelewa, hospitali zenye mapato ya ndani zifikirie kumwajiri mtu mmoja kwa mkataba, wala zisimfanye mhitimu wa chuo kikuu mtu wa kupewa nauli mwaka baada ya mwaka. Kujitolea kuna thamani yake, lakini hakulipi kodi ya chumba.

Tatu, Chama chetu hiki hujenga na kupaka rangi kila mwaka, na ni vyema. Napendekeza mwaka huu tuzungumze kama twaweza kuchangia posho ya mwaka mmoja ya mhitimu mmoja katika hospitali ya mkoa, kwa masharti ya maandishi kwamba hospitali itaiombea nafasi hiyo kibali ndani ya mwaka huo. Nimeandika ahadi yangu kwenye karatasi, nitamkabidhi Ndugu Mweka Hazina nikishuka hapa. Si nyingi, mmekwisha kuona makato.

Mtaniuliza, na wewe je? Katika ikama ya mwaka huu, mahali nilipo sasa, nimeuandika mstari ule kwa mkono wangu: mtaalamu wa tiba ya usemi, nafasi 1. Safari hii niliutetea mwenyewe, nikawasimulia habari ya "Basi". Umepita kikao cha kwanza. Kibali hakijatoka, na siwezi kuwaahidi kwamba kitatoka. Usipopita nitauandika tena mwakani.

Mjomba wangu hivi sasa ana maneno kama 30. Kila moja amelipata kwa mazoezi ya nyumbani tuliyoachiwa kwenye daftari na binti yule. Jina langu bado halijui. Ananiita "Ofisi". Nimeliridhia.